Mzizi wa Ua la Theluji

Racha, wiki ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Lamzira,

Kristo amefufuka. Najua umeitikia hapo ulipo, hata kama ni kwa midomo tu, na mimi huku nimekusikia.

Vipi hali yako, dada? Magoti bado yanakusumbua kwenye zile ngazi? Na yule bibi unayemuuguza, Bi Donata, bado anakurushia kijiko ukimnyima chumvi? Mama hucheka kila akikumbuka kisa hicho. Anasema akifika umri wa Bi Donata na yeye ataanza kurusha vijiko, kwa hiyo nijiandae. Sisi hatujambo. Nalisema mapema na kwa kuikandamiza kalamu, ili moyo wako utulie kabla hujasoma mengine: wote ni wazima, wote wanakula, wala hakuna kaburi jipya upande wetu. Mama masikio yamepungua ila mdomo uko palepale. Mume wangu Avto alimaliza kupogoa mizabibu kabla ya Pasaka, mgongo ukamkamata, sasa anatembea kama bwana harusi aliyeazima viatu. Ng'ombe kazaa ndama jike.

Kwenye kifurushi kuna jibini, mchuzi wa plamu chachu wa mwaka jana, na zile kamba za jozi zilizochovywa kwenye uji wa zabibu. Moja imekatika, ni Mama, alitaka kuonja kwanza kama zinafaa kusafiri.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Ni kwa sababu yapo mambo ambayo nikikwambia kwa simu wewe utalia, mimi nitalia, Mama atauliza mnalia nini, na mwisho wake hakuna atakayekuwa amesikia neno. Karatasi haikatizwi. Basi kaa mahali, dada, usome polepole, na ukumbuke nilichokwambia hapo juu, kwamba wote ni wazima.

Habari yenyewe ni ya binti yako Tekle.

Ilianza Kwaresima. Unajua mtoto huyu hakuwahi kuwa mfungaji. Mwaka juzi alikutwa na mguu wa kuku ghalani katika wiki takatifu kabisa. Mwaka huu akatwambia atafunga kwa dhati. Sisi wengine tulikuwa tukila maharage na kabichi na mkate, yeye akasema hata maharage ni anasa. Alikuwa akinywa chai ya majani, anamega kipande cha mkate kisichomtosha kifaranga, kisha anavaa soksi nene na kwenda ukumbini kufanya mazoezi ya ngoma, akiteleza kutoka dirisha hadi mlango bila bega kutikisika. Mama alifurahi. Alisema hatimaye ukoo wetu umepata mtu wa Mungu. Mimi nilimwona akipungua mashavu, lakini nani anamkataza mtoto kufunga?

Kisha akaanza kutapika. Alikuwa akijificha, anatoka mapema kama anayekwenda kumlisha ng'ombe, anatapikia nyuma ya banda. Siku hizo theluji ilikuwa bado haijaondoka, na theluji haifichi kitu. Na hata ingeficha, jirani yetu Makvala angefichua. Siku moja natundika nguo, akaegemea uzio na macho yake makubwa kama vikombe.

Akaniambia, "Tsitsino, mtoto wa dada yako anatapika kila asubuhi."

Nikamjibu kwamba ni mfungo, tumbo limekuwa tupu.

"Mimi nimezaa wanne, mama. Mfungo wa namna hiyo naujua, huisha baada ya miezi tisa."

Dada, sikulala vizuri tangu siku ile. Si kwamba mtoto ni aibu. Mtoto hajawahi kuwa aibu katika nyumba yetu. Nilichoogopa ni wewe. Ulimwacha mikononi mwangu ana miaka kumi na miwili, ukasema utarudi baada ya majira mawili ya baridi, na sasa ni miaka saba, makaratasi yako yamekufunga huko, ukitoka huwezi kuingia tena. Kitu kimoja ulichoniomba kilikuwa kumtunza. Nilijiona nikikwambia kwenye simu, nikauona uso wako kwenye kioo kile kidogo, nikashindwa hata kukanda unga.

Nikajikaza, nikamwuliza. Nilimkuta anakunja mashuka. Nikamwambia kama kuna jambo aniambie, sitapiga kelele, na baba yake mdogo Avto sitamwambia mpaka yeye aniruhusu. Alinitazama kwanza kama mtu asiyeelewa lugha, halafu akaelewa, akacheka, akacheka sana, na ghafla kicheko kikageuka kilio. Akasema hana mwanaume yeyote, angempatia wapi katika kijiji hiki, labda mbuzi dume wa Makvala. Nikacheka na mimi. Nikamwamini. Lakini kilio kile sikukielewa, na nikakosea kukiacha kipite.

Asubuhi ya Jumamosi moja tulikuwa jikoni wote, mimi, Mama na yeye. Mama alikuwa akichambua maharage. Tekle alikuwa akinisaidia kukanda, akasema mdomo wake umekufa ganzi. Nikamwuliza umekufaje. Akasema kama umeumwa na nyuki, lakini hauumi. Mate yalikuwa yakimtoka naye anayafuta kwa kiganja chenye unga. Nikageuka kuchukua maji, na nyuma yangu nikasikia beseni likianguka. Nilipogeuka alikuwa sakafuni, mweupe kuliko ule unga, macho wazi na mboni zimetanuka. Nikamshika mkono kutafuta mapigo. Nikayapata, kisha nikayangoja mengine, nikangoja, mpaka nikadhani hayaji tena.

Kuhusu barabara sitakuchosha. Gari la hospitali lilikuwa lije kutoka mjini, na theluji ilikuwa imemwagika kwenye kona za juu, kwa hiyo Avto akawasha gari lake. Likakwama hata kabla ya kanisa. Walitoka watu majumbani bila kuitwa, wakalisukuma, wengine wamevaa kandambili kwenye theluji. Na aliyeingia nyuma na kumlaza Tekle mapajani ni Makvala. Hakuuliza chochote. Aliivua shali yake akamfunika miguu, na njia nzima hadi mjini Kutaisi alikuwa akimpiga makofi madogo shavuni na kumwambia, "Usilale, mama, nisimulie. Nisimulie yule mbuzi dume wangu kakufanya nini." Maana uzio ule, dada, ulikuwa umemfikishia hata hayo. Na Tekle, ambaye hakuwa na nguvu ya kufungua macho, alitabasamu. Tangu siku ile sijamsema Makvala kwa ubaya, na nikimsema nijutie.

Hospitalini walimpokea upesi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wako, sauti ya chini, mikono ya haraka. Alisema moyo wa msichana unapiga polepole mno, polepole kuliko wa mzee aliyelala, na kwamba moyo wa umri huo haufanyi hivyo bila kufanyiwa kitu. Akauliza ana mimba? Wakapima, hana. Akauliza amekunywa dawa gani. Nikamwambia hanywi dawa. Akauliza nyumbani kuna dawa za moyo za mtu mzima. Nikasema za mama yangu, lakini Mama huzihesabu kama dhahabu. Akauliza tena, safari hii akinikazia macho: kuna mmea wowote amekula, uyoga, mzizi, chai ya mitishamba? Chai. Chai yake ya majani, kila siku, na mimi sikuwahi kuuliza ni majani gani.

Avto alimpigia Mama simu. Unajua Mama na simu, huishika kama inaungua. Avto alikuwa akipiga kelele koridoni, watu wanamtazama, akimwuliza kama kuna kitu ameona chumbani kwa Tekle, kopo, mfuko, chochote. Mama akasema subiri. Tukasikia mlango, tukasikia fimbo yake, tukasikia anahema. Alikuwa ametoka nje kwenye theluji na viatu vya ndani. Aliporudi kwenye simu alisema maneno ambayo sitayasahau:

"Harisdzira zangu zimechimbwa. Upande wa ukutani wote. Niliona kwa dirishani nikadhani ni nguruwe mwitu."

Unayakumbuka maua yale ya nyuma ya nyumba, dada. Mama aliyahamisha kutoka msituni akiwa na mimba yako, na majani yake hayajawahi kukauka tangu siku hiyo, masika wala kiangazi. Mwaka huu yalichanua theluji ikiwa juu yake, meupe yenye wekundu kidogo pembeni, yameinamisha vichwa kama wasichana wanaosikiliza jambo lisilowahusu. Na unakumbuka Baba alivyokuwa akitutisha tusiyaguse, na jinsi alivyopitisha kipande cha mzizi kwenye ngozi ya ng'ombe mgonjwa ili kumtibu, hadi pakavimba na kutoa usaha. Sote tulilelewa tukijua kwamba ua lile ni la kutazamwa. Nilidhani na Tekle anajua. Nilidhani mambo ya namna hiyo humwingia mtoto yenyewe, pamoja na hewa.

Nilipomwambia daktari jina, hakunigombeza. Alisema amekwisha kuwaona wengine. Siku hizi, alisema, wapo wanaouza unga wa mzizi huo kwenye pakiti kuwapunguza watu unene, na kipimo kilichomkondesha mmoja humuua mwenzake. Kisha akaingia ndani, mlango ukafungwa, nasi tukabaki na Makvala aliyekuwa amesimama na soksi zilizolowa, anaomba Mungu kwa sauti kana kwamba anamfokea.

Walimwekea sindano ya kuuharakisha moyo, wakamwosha tumbo, wakamfunga nyaya. Waliniruhusu kukaa karibu na ile mashine yenye mstari wa kijani. Sijui kusoma mashine, lakini niliisoma. Mstari ulikuwa unaruka, kisha unalala, unalala, kisha unaruka. Jumapili ile ndiyo uliyopiga simu nikakwambia Tekle amekwenda kwa rafiki yake na simu yake imeharibika. Nilikujibu nikiwa kwenye ngazi za hospitali. Uliniambia ninaonekana nimechoka, nikasema ni kwa sababu ya kufua. Nisamehe hilo. Nilijua ukisikia utapanda gari la kwanza, na ungefika huku ukiwa umejifungia mlango wa huko milele.

Jumatatu mchana niliinua kichwa kutoka pembeni ya kitanda na mstari ulikuwa unaruka bila kusubiriwa. Nikaufuata kwa kidole kitandani, tak, tak, tak, kama mtu anayehesabia wachezaji. Daktari akaja, akatazama, akanigusa bega. Akasema, "Mpe supu. Na wewe kunywa."

Dada, mimi nililia kwa sauti wodini, mbele ya watu wazima, nikatoka nje nikamkumbatia Avto ambaye alikuwa akivuta sigara aliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Yeye hakulia. Alisema tu kwamba kuna njaa, tukanunua mikate ya jibini mlangoni pa hospitali, tukaila mitatu tumesimama, katikati ya Kwaresima, na Makvala akala miwili akasema dhambi hiyo ataibeba yeye.

Tulipomrudisha nyumbani, jambo la kwanza Avto alilofanya, hata koti hajavua, alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Alitaka kung'oa yote, mpaka la mwisho. Mama akatoka, akasimama katikati ya maua na fimbo yake.

"Anza na mimi," akamwambia.

Avto akasema kwa heshima kubwa kwamba mama mkwe apishe, maua haya yalitaka kutuulia mtoto. Mama akasema maua hayakutaka kitu, yako hapa kabla Avto hajajua njia ya nyumba hii. Wakabishana hivyo, mmoja kiziwi na mwingine mkaidi, mpaka dirisha likafunguka na Tekle akatoa kichwa, amejifunga blanketi. Akasema, "Baba mdogo, yaache. Hayakunifuata jikoni. Mimi ndiye niliyeyafuata." Avto akaweka jembe chini. Lakini kesho yake alizungushia uzio wa fito, mrefu hadi kifuani, na Mama sasa huwaonyesha wageni gereza la maua yake.

Sasa nikwambie kwa nini, maana najua ndilo unalouliza tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nilimwacha siku kadhaa bila kumwuliza. Nilikuwa namchana nywele, ambazo zilikuwa zikitoka kwenye kitana, akaanza mwenyewe.

Kundi lao la ngoma lilikuwa limealikwa kwenye tamasha baada ya Pasaka. Italia, dada. Mji wenyewe uko mwendo wa saa moja kutoka kwako. Badri, mwalimu wao, alikuwa na nafasi chache na wasichana wengi. Walipojaribisha mavazi, mkanda wa fedha wa Tekle haukufunga. Badri, ambaye hana ubaya, ana mdomo tu, alisema mbele ya wote, "Tekle, mkanda huu ni wa enzi za mabibi zetu, hauna mpira. Ama upungue wewe, ama aende mwingine." Wenzake wakacheka, naye akacheka nao. Msichana mmoja akamwonyesha pakiti aliyonunua sokoni, na kwenye pakiti pakawa na picha ya ua. Tekle akalitambua. Akawaza kwa nini aende sokoni kutafuta kitu kilicho nyuma ya nyumba yao.

Alianza na kipande cha mzizi kidogo kama ukucha, akakichemsha kwenye ile chai yake. Mkanda ukasogea. Tamasha likakaribia, akaongeza. Hakuniambia, hakukwambia, kwa sababu hakutaka kukupa tumaini halafu Badri amwache. Alikuwa amepanga yote. Angecheza, kisha angevua mkanda, angepanda basi na nguo zilezile za ngoma, aje agonge mlango wa Bi Donata. Aliniambia, "Mama mdogo, nilitaka mama anione nikiingia kwa kuteleza."

Hakuwa anajichukia, dada. Usije ukalibeba hilo. Alikuwa anakuja kwako, basi, na hiyo ndiyo njia aliyoiona.

Badri alikuja kumwona. Alikaa kwenye ukingo wa kiti amepakata kofia yake, mpaka Mama akamwekea divai na kumwamuru anywe. Kundi limekwenda na limerudi bila Tekle. Daktari amesema asicheze mpaka majani ya vuli yaanguke, ale vizuri, apimwe moyo tena. Alimpima wiki iliyopita, akamwambia ana moyo wa farasi mdogo. Ale, atembee, akae juani, asafiri akitaka, ila asicheze.

Nami nikalishika lile neno asafiri, nikatoka nalo.

Dada, huyu dereva Gocha aliyekukabidhi barua hii na kifurushi hapo uwanjani, hakuja peke yake kutoka Racha. Tulimpa Tekle kiti cha nyuma ya dereva, kando ya dirisha. Pasipoti yake ilikuwa tayari kwa ajili ya tamasha. Avto alisema ni dhambi ilale kabatini. Watakuwa wamepita Uturuki na Ugiriki na kuvuka kwa meli, na Gocha ameahidi kunipigia kila mahali kuniambia mtoto amekula nini. Nimemwagiza asikuruhusu kuondoka na barua, uisome hapohapo. Ni Tekle mwenyewe aliyeomba iwe hivyo. Amekonda, mashavu yake yale hayajarudi yote, na nywele amezikata. Hakutaka umwone kwanza ndipo umwulize, ukishtuka. Alitaka ujue kila kitu kabla hujamtazama, ili ukimtazama umwone yeye tu. Yumo ndani ya gari, nyuma ya pazia. Anakuona unavyosoma.

Mama anakusalimu, anasema usimpe mtoto kahawa. Avto anakusalimu. Makvala anakusalimu na amesuka soksi, zimo chini ya jibini. Msalimie Bi Donata na vijiko vyake. Najua salamu hizi huzisomi, umeshainuka zamani. Nimeziandika kwa sababu barua isiyo na salamu Mama hakubali ifungwe.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Tsitsino